Homa ya Ziwani

Kwetu Nyamira baridi ilikuwa fahari. Wengine hujisifu kwa ng'ombe; sisi tulijisifu kwa ukungu wa mwezi wa saba, ule wa kuchuma majani chai bila kumwona aliye mstari wa pili. Baba, mzee wa kanisa la Sabato, hakuvua sweta lake la kijivu mwaka mzima. Alikuwa akisema Mungu aliwapa watu wa ziwani samaki na mbu, sisi akatupa ndizi na baridi, kila mtu ashukuru kwa fungu lake.

Mimi niliolewa na mwalimu, naye akapelekwa kufundisha kule kule ziwani. Miaka hiyo ya tisini tuliishi huko na watoto wetu, tukalala ndani ya chandarua mpaka tukazoea. Likizo zikifika tulipanda kwenda kwa mama.

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema hali ya hewa imebadilika, na aliyaona hayo kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Zamani, asubuhi za baridi, mafuta yaliganda mpaka yachokolewe kwa kisu. Sasa kijiko kilizama bila kusukumwa. Baba akasema wenye kiwanda wameanza kuwapunja watu, wanachanganya maji. Redio nayo ikasema dunia inapata joto, naye akaijibu kwamba likizidi atavua sweta. Tulicheka sana. Ubishi wake ulikuwa mtamu kuusikiliza, na hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mkali, pengine tungembishia.

Kisha malaria ikaanza kupanda mlima. Kila mvua ndefu ilipopungua, mji huu una mgonjwa, ule una matanga. Lakini hakuna aliyesema mbu wamefika. Walisema homa imeletwa. Kila mgonjwa alitafutiwa safari: alienda ziwani kununua omena, wale dagaa wadogo. Akikosa safari, alitafutiwa mgeni. Nasi wageni wa ziwani tulijulikana.

Likizo moja ya mwezi wa nne mwanangu alishikwa na homa pale nyumbani, na muda si muda watoto wa jirani nao wakaugua. Shangazi, dada yake baba, alinivuta kando baada ya ibada. Alizungumza kwa upole, jambo lililonichoma zaidi.

"Mwanangu, hii homa mnaibeba ninyi. Kaeni huko kwanza mpaka mvua iishe kabisa."

Mama aliposikia alisema mbu anawasikia yeye mwenyewe, usiku, hapo hapo chumbani. Niliondoka nimekasirika, lakini nilimwachia mama chandarua kipya. Wimbi ulipotoa masuke, baba alikitandaza shambani kuzuia ndege. Kitu kizuri kisikae bure, alisema.

Mwezi wa sita mama akaanza kutetemeka. Walimfunika blanketi, wakampa chai ya tangawizi, wakasema ni mafua ya baridi. Baridi ipi, sijui. Yaliyofuata nilisimuliwa na shangazi, aliyempeleka zahanati. Muuguzi aliuliza swali ambalo siku hizo kila mtu aliuliza.

"Mama, umetembea? Umeenda ziwani?"

"Sijaenda mahali. Mimi ni shambani na kanisani tu."

Akapewa dawa ya kikohozi. Laiti angedanganya. Mama hakuwahi kusema uongo hata wa kumfukuza mgeni msumbufu, na siku ambayo uongo mdogo ungempatia dawa ya malaria, alisema kweli. Walipomfikisha hospitali kubwa ya Kisii, hakuwa akimtambua mtu. Sisi tuliitwa kuja kumzika.

Baada ya mazishi tulikaa uani na majirani. Mzee mmoja akauliza, kama ilivyokuwa desturi siku zile, ni nani aliyeleta homa hii katika mji. Macho yakawageukia wanangu, waliofika jana yake tu. Baba aliinuka.

"Hakuna mtu aliyeileta," alisema. "Tangu mwezi wa nne hakuna mgeni amelala hapa. Hata hawa tuliwakataza. Marehemu amekaa hapa na mimi tu."

Shangazi akajifunika uso kwa leso.

Jioni baba alikitoa chandarua shambani, kimejaa mavi ya ndege na kimechanika pembeni. Nilikifua, kikakauka upesi kwa lile joto alilolikataa, nikakishona. Kesho yake, jua likiwa bado halijazama, akaniuliza kinafungwaje. Kwetu binti haingii chumba anacholala baba yake, hata kwa jambo kama hilo. Kwa hiyo nilisimama sebuleni nikimwelekeza kupitia pazia: kamba hii kwenye boriti ile, vuta, sasa chomeka upindo chini ya godoro. Nilimsikia akihangaika na kuhema. Ubishi wote ulikuwa umemwisha, na ningetoa chochote mama awepo asikie.

Kisha nikamsikia akizunguka kitanda.

"Na upande huu wa mama yako," akauliza, "nao nichomeke?"

Nikamwambia achomeke pande zote.