Hii Siyo Arosto

Mdogo wangu ni fundi seremala. Mtaani walimwita Randa, kwa jinsi alivyokuwa akilainisha mbao mpaka unajiona. Nasema alikuwa, maana pombe ilimla miaka tisa. Alipoacha, mimi dada yake ndiye niliyempokea, akalala kwenye chumba changu cha cherehani, katikati ya magauni ya wateja.

Wiki ya kwanza alitetemeka, akatapika, akatoka jasho la kuloweka godoro. "Arosto hiyo," wakasema majirani, "mwili unadai pombe, itapita." Kweli, ikapita. Mikono ikatulia, akaanza kula. Lakini uso ukabaki umezimika vilevile. Anakaa kitandani saa nzima ameshika kiatu kimoja, hakivai. Ukimuuliza anasema, "Navaa, dada."

Nikampeleka kliniki. Daktari alikuwa mama mtu mzima, asiye na haraka. Akatueleza kuna huzuni inayoletwa na pombe yenyewe. Hiyo mtu akiacha, ndani ya mwezi huanza kuondoka. Na kuna iliyoitangulia pombe. Hiyo kusubiri hakuisaidii, inataka tiba yake. Akanigeukia. "Kabla hajaonja pombe, alikuwaje?"

Jamani, swali jepesi lile! Nikajibu bila hata kumeza mate: "Mzima kabisa, daktari. Mcheshi." Mdogo wangu akanitazama, kisha akatazama sakafu. Daktari akaandika tusubiri wiki nne.

Uongo mtupu. Akiwa na miaka kumi na tisa, hajui hata harufu ya bia, alilala miezi miwili kageukia ukuta. Mama akamwita mvivu, akammwagia maji. Wageni wakija, tunasema ana malaria. Na mimi ndiye niliyekuwa nikimfungia mlango. Mpaka leo nasikia komeo lile. Mlevi unaweza kumtaja, kila ukoo unaye. Lakini ugonjwa wa kichwa? Nilikuwa na binti wa kuoza, nikaogopa wachumba watakimbia. Mficha uchi hazai, nilijua, na bado nikaficha.

Kila asubuhi nikawa namwambia, "Arosto tu hiyo, baba, vumilia." Siku ya ishirini na sita nilirudi kutoka kununua uzi, nikamkuta sakafuni. Alikuwa amemeza vidonge. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Alizinduka hospitalini kesho yake mchana. Daktari yule yule akaja, akavuta kiti. Nikamwambia yote, mdogo wangu akisikia: ukuta, maji, malaria, mlango. Nilijua atanichukia, na haki yake.

Akageuza kichwa kwenye mto, machozi yanamtoka.

"Kumbe uliona," akasema. "Miaka yote hii nilidhani ugonjwa ule nilijitungia."