Kadi Iliyomwita Haji Mtu Asiyehiji

Ninyi vijana mnaotuma mialiko kwa simu huku mnatembea, someni hii taratibu. Mimi shule niliiacha mapema, lakini kumwita mtu kwa heshima yake nakujua.

Mjukuu wangu alikuwa anaolewa hapa Buyenzi. Baba yake, mtoto wangu mwenyewe, ndiye aliyeandikisha kadi. Kwa wazazi wa bwana harusi akaweka: "Alhaji na Madamu." Ofisini kwake ndivyo wanavyoandika, cheo cha mume mbele, mke nyuma.

Sasa, aliyekwenda Maka ni mke. Aliuza vitenge Gatumba miaka na miaka, akajilipia safari. Mume ni fundi wa magari, hata Kigoma hajafika.

Kadi ikarudishwa kabla ya adhuhuri, na ujumbe juu yake: mama wa bwana harusi hatakuja. Na kwetu bibi harusi asiyepokelewa mlangoni na mama mkwe haingii ndani. Mjukuu wangu akakaa mkekani. Hakulia, hakula.

Nikajifunga kitenge, nikaenda kwao bwana harusi. Nilimkuta mama uani anachambua mchele, hakuinua kichwa. Mumewe alikuwa kando, mikono imejaa grisi.

"Mumenifanya mwongo," akasema mume. "Jirani ameona kadi, ananiomba maji ya zamzam ya kule Maka. Nimupe ya radiyeta?"

Nilijizuia nisicheke. Mke aliniona.

"Cheka tu! Mi nilizunguka Kaaba miguu imevimba. Yeye mumemupa uhaji, mi Madamu basi. Apana, mama. Siji."

"Sikuja na kadi," nikamwambia. "Nimekuja na mdomo wangu. Hajati, wewe na mume wako, fundi, nawaomba mumpokee mtoto wetu."

Akaendelea kuchambua. Nikabaki nimesimama, magoti yananiuma, kiti hakuna aliyenipa.

"Rudia," akasema mke. "Kwa sauti, wa nyuma ya ukuta wasikie."

Nikarudia, mtu mzima mimi, nikapaza sauti kama muuza samaki wa ndagala. Nyuma ya ukuta mtu akakohoa.

"Mupe kiti," akamwambia mumewe. Kisha kwangu: "Mwambie bibi harusi nitamufungulia mlango mi mwenyewe."

Nyumbani wote walikuwa wananingoja. Nilimpa mjukuu habari yake kwanza, akaomba chakula. Halafu nikamgeukia baba yake: "Kadi zilizobaki zisitoke humu. Nenda mlangoni kwa kila mke na mume, uliza kila mmoja anaitwaje, ndipo uandike. Anza sasa hivi, na gari uliache hapa."