Nilikagua Taa Kwanza

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilianza kwa habari njema. Mke wangu Chelangat alikuwa amejifungua binti yetu wa kwanza hospitalini Kaplong, nami nikatumwa Roret nikamchukue mama yake aje amwone mjukuu. Nilikuwa nimepata leseni juzi tu, kama wewe. Pikapu ilikuwa ya baba, aliyoinunua kwa bonasi ya majani chai baada ya kungoja miaka, na alikuwa ameniambia kwamba nikiirudisha na mkwaruzo nitafute baba mwingine.

Sasa uelewe mambo ya kwetu. Enzi zile kijana wa Kipsigis hakumpa mama mkwe mkono, wala hakumtazama usoni. Mama alipopanda mbele alijibana mlangoni, nami nikajibana mlango wa upande wangu. Katikati yetu kilikaa kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mala ambayo mama aliyejifungua hupewa apate nguvu. Njia nzima kila mmoja alizungumza akiangalia barabara. Ungetuona ungecheka.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye kona moja ya barabara ya murram isiyo na lami, chai ikiwa pande zote mbili, tairi za nyuma ziliteleza. Nikakanyaga breki kwa nguvu, kosa la kila dereva mgeni, na pikapu ikaenda ubavu ubavu hadi mtaroni, ikagonga ukingo kwa upande aliokaa Mama.

Mimi sikuumia hata kidogo. Nilitoka, na hapa ndipo aibu yangu ilipo, kwa hiyo nivumilie nikisimulia polepole. Nilizunguka gari. Nikaona taa moja imepasuka, nikaishika kama mtu anayeshika shavu la mtoto. Nikaokota mitungi miwili ya maziwa iliyoruka kutoka nyuma ya pikapu hadi kwenye chai, nikaipanga kando ya barabara. Nikatafuta jeki. Muda huo wote nilimsikia Mama akipumua kwa shida, na nilijua mguu wake umebanwa na mlango. Nilijiambia kwamba heshima hainiruhusu kumshika. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kuangalia taa kulikuwa rahisi kuliko kuangalia mguu wa mama mkwe.

Wachumaji walisikia kishindo, wakaja mbio na vikapu vyao mgongoni. Mbele alikuwa mama mmoja Mkisii ambaye baadaye nilimjua kwa jina la Moraa. Nilikuwa nimesikia kwamba watu hukimbilia ajali ili wabebe vitu, basi nikanyakua spana ya tairi na kusimama mbele ya mitungi yangu.

"Msiguse kitu hapa!"

Moraa hakurudi nyuma. "Kijana, hiyo gari bado inanguruma. Zima kwanza. Na huko ndani kuna nani?"

"Ni mama mkwe wangu," nikasema, kana kwamba hilo lilieleza kila kitu.

Kabla hajanijibu, sauti ya Mama ilitoka dirishani, ya upole kabisa. "Arap Sang, umeangalia taa. Umeangalia mitungi na jeki. Mimi utaniangalia saa ngapi?"

Mwanangu, nimekaripiwa na walimu, wachungaji na baba yangu mwenyewe, lakini hakuna neno lililowahi kuniingia kama hilo. Niliiangusha spana. Nilizima injini, tukausukuma mlango mimi na wale akina mama hadi ukaachia. Mama alikuwa amepoteza damu nyingi. Moraa alivua leso yake, akaufunga mguu, akanigeukia. "Mbebe sasa. Ama unataka mimi ndio nimbebe?"

Nikambeba mama mkwe wangu mikononi mwangu hadi kwenye lori la majani chai lililokuwa limesimama. Nilipotazama nyuma, Moraa alinipungia mkono. "Enda na mama yako! Hii gari haina miguu ya kutoroka, tutakaa nayo."

Na alikaa nayo. Niliporudi kesho yake nilikuta polisi wameshapima mahali pa ajali na kuivuta gari hadi kituoni. Moraa alikuwa amewaonyesha kila kitu, na majani yake ya siku nzima yalikuwa yamenyauka kikapuni, karani wa kupima chai akayakataa. Alinitolea furushi lililofungwa kwa aproni yake ya plastiki. Jeki ilikuwemo, na karatasi za gari, na kibuyu cha mursik kikiwa kizima, kimezungushiwa sweta yake. Cha mwisho alichonipa ni spana. "Na hii ni ile yako ya kunipiga nayo," akasema, akicheka. Mimi nililia.

Hospitalini nilimkuta Mama ameketi, mguu umefungwa plasta, binti yetu, Chebet, mapajani mwake. Nilisimama mlangoni na kibuyu, macho chini kama kawaida. Akaninyooshea mkono. "Njoo unisalimie vizuri. Mtu akishanibeba, tutaoneana aibu ya nini tena?"

Daktari alisema kwamba angefika mapema kidogo, huenda mguu ungepona sawasawa. Mama hakuwahi kunitajia neno hilo. Alichechemea hadi mwisho wa maisha yake, na kila Jumapili nilimshika mkono kupanda ngazi za kanisa, nikijua ni dakika zangu zile za kukagua taa.

Kwa hiyo sikiliza. Siku ikikupata, zima injini, kisha waangalie watu, hata yule unayemwonea haya, hata yule aliyekugonga. Anayelia mgongo au shingo usimvute ovyo, ita msaada, isipokuwa kama kuna moto. Weka matawi au ile pembetatu ya kuonya madereva mbali kabla ya kona, wengine wasije wakakugonga. Gari liache lilipo hadi polisi wafike, na kwa kuwa siku hizi una simu, lipige picha. Kabla halijavutwa toa karatasi zako na vitu vya watu uliowabeba, maana hivyo si vyako kuvisahau, andika kilichobaki ndani na uulize linapelekwa wapi. Wezi wapo, sikatai. Lakini wanaokukimbilia waangalie kwanza nyuso, kabla ya kuwainulia spana.

Baba yangu? Aliitazama ile pikapu, akauliza, "Mama yuko salama?" Taa hakuitaja kamwe.

Nenda, mwanangu. Mungu ashike usukani pamoja nawe kwenye kona zetu hizi za utelezi. Na siku utakapoingia mtaroni, akutolee Moraa kutoka kwenye chai, naye akukute umeshamshika mtu mkono.