Saa Nne Kamili, Hospitali Nzima Inaganda

Jamani, kuna wiki moja hospitali yetu ilikuwa inaganda kila siku saa nne kamili asubuhi.

Si utani.

Saa tatu na dakika hamsini na tisa, mambo safi. Ikigonga saa nne, mfamasia anaandika jina la mgonjwa, kompyuta inamkodolea macho tu. Foleni ya dawa inafika getini.

Mimi ndiye mtunza seva, ile kompyuta kuu inayozihudumia nyingine zote. Wananiita Dada Seva. Wiki hiyo waliniita na majina mengine.

Jumatano daktari mkuu akaniita.

"Leo nimeshindwa kuona kama mtoto ana mzio wa dawa. Dakika nane, mama yake kaning'ang'ania koti! Nakupa hadi Ijumaa."

Nikaenda moja kwa moja chumba cha seva.

Nikaongeza kumbukumbu ya seva. Wapi! Nikaizima na kuiwasha. Wapi!

Mlinzi akaninong'oneza, "Dada, hiyo mashine imerogwa."

Nilicheka, lakini moyoni nilishaanza kumwamini.

Alhamisi nikakaa nikitazama maswali yanayoingia kwenye seva, yaani kila taarifa inayoombwa, moja baada ya jingine.

Saa nne ikagonga.

Swali moja likaingia, likaanza kupekua mafaili ya wagonjwa laki sita, moja moja, tangu hospitali ifunguliwe. Halijamaliza, likaingia tena. Na tena. Mara saba!

Linatoka wapi? Masjala.

Nikatoka mbio. Namkuta mama wa masjala, mtu mzima anayekaribia kustaafu, anabonyeza kitufe kama anayegonga mlango wa mdeni.

"Shikamoo mama. Unatafuta nini?"

"Marahaba mwanangu. Kila siku saa nne natafuta waliozaliwa tarehe ya leo, nikawasalimie wodini. Mtu alazwe siku yake ya kuzaliwa, asipate hata neno? Ila mashine yako mvivu! Mpaka uikumbushe."



Nikarudi ofisini nimevimba. Nikasema, lazima nimjue mjinga aliyemwandikia swali la namna hii. Leo atanitambua!

Nikalifungua lile swali. Nikasoma jina la mwandishi.

Langu.

Nikakumbuka. Ijumaa iliyopita aliniomba, nikamwandikia chapchap nikiwa nakimbilia chakula. Nikajiambia nitalinyoosha Jumatatu. Jumatatu ikapita, nami nikasahau.

Nikalinyoosha sasa. Liwaangalie waliolazwa tu, watu mia na ishirini. Tarehe za kuzaliwa nikazitengenezea faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu inayokuonyesha ukurasa. Na kitufe, ukikibonyeza mara moja, kinajifunga hadi jibu lije.

Ijumaa, saa nne. Nimeshika roho mkononi.

Kimya. Foleni inatembea. Simu ikalia.

"Mwanangu, imeharibika!" Mama wa masjala huyo. "Imejibu kabla sijavaa miwani!"

Nikaenda kwa daktari mkuu, nikamweleza yote bila kujificha.

"Kwa hiyo wiki nzima ulikuwa unajisaka mwenyewe?"

"Ndiyo, daktari."

Akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha kucheka.

"Yule mama wa mtoto anakuja kliniki Jumatatu. Utamweleza wewe."

Nilimweleza. Hakucheka hata kidogo, na alikuwa na haki.

Ndugu yangu, mtambo ukizidiwa, usikimbilie kuutukana. Tazama kwanza unaulizwa nini. Halafu, kabla hujamtafuta mchawi, soma jina la aliyeandika swali.