Macho Chini, Macho Juu

Katika miaka ya tisini nilitoka kwetu Namakwekwe, Mbale, nikaenda Jinja kuwafundisha lugha ya alama watoto wadogo waliosikia lakini maneno hayakuwatoka. Somo la kwanza lilikuwa moja tu: nitazame usoni. Mtoto akiinamisha macho, alama zote zinampita. Nilikuwa nawainua videvu na kuwakunjia uso mpaka wanacheka.

Shida ni kwamba kwao Busoga, eneo la Jinja, kama kwetu, msichana mwenye adabu husalimu wakubwa macho yakiwa chini. Mimi nilifunzwa hivyo kwa makofi.

Siku moja bibi wa msichana wa miaka mitano aliingia darasani amefura. Alikuwa mjane wa askari magereza, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini.

"Mwalimu, wewe naharibu mtoto yangu! Sasa naangalia watu kubwa kwa macho tu, hapana ona haya. Mimi narudisha yeye Budondo."

Akamchukua. Niliwaka. Mtoto yule alisikia kila kitu, ulimi tu ndio uliomkatalia, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutusimulia mambo yake. Jumamosi nikapanda boda boda ya baiskeli hadi kijijini kwao Budondo, nimejiandaa kwa ugomvi.

Nilimkuta bibi uani akimenya karanga. Mtoto akamletea maji, akapiga magoti vizuri kabisa, kisha akainua uso na kumkazia macho.

"Wewe naona sasa?" bibi akaniambia.

Kabla sijajibu, mtoto akagusa shavu lake mwenyewe, akakutanisha vidole viwili vya shahada, akapandisha nyusi.

"Yeye nasema nini?"

"Anakuuliza, Jaja, kama jino linakuuma," nikasema, nikimwita bibi kwa lugha ya kwao.

Bibi akajishika shavu. Kisha akakiri kwamba alikuwa akitafunia upande mmoja tangu juma lililopita, na hakumwambia mtu.

"Nani naambia yeye?"

"Hakuna. Amekutazama tu."

Maneno makali niliyokuja nayo yote yaliniishia. Bibi akasukuma ungo pembeni, akataka nimwonyeshe jinsi vidole vinavyowekwa. Alikosea, na mjukuu akamrekebisha bila woga. Ndipo bibi akamtazama usoni, akamjibu kwa mikono yake: inauma. Mtoto akampandia mapajani, akaanza kulipuliza shavu la bibi taratibu. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

"Jumatatu naleta yeye," bibi akasema. "Na mimi nakaa pale nyuma. Wewe hapana cheka mimi."