Geti la Choo cha Umma

Mtaani walimwita Mama Cheche, kwa sababu ya mashine yake ya kuchomelea vyuma na kwa sababu ya ulimi wake. Karakana aliachiwa na marehemu mumewe. Mteja mgeni akifika na kuuliza, "Fundi yuko wapi?" Mama Cheche alimjibu bila kuinua kichwa, "Huyo unayemkanyagia vyuma."

Serikali ilipotoa pesa za kuinua mitaa iliyosahaulika, mtaa wao ulijengewa choo cha umma kwenye kona ya soko. Watu walishangilia. Miaka yote walikuwa wakitegemea vyoo vya shimo kule bondeni, chini ya mteremko ambao mvua ikinyesha hata mbuzi anafikiri mara mbili. Mama Cheche akapewa kazi ya geti. Alilitengeneza kama analipeleka ikulu, akalipaka rangi ya buluu, na siku ya kulipachika alimleta mama yake mzazi aje kuliona.

"Mwanangu," bibi alisema, akilipapasa, "sasa nitakwenda haja kama mtu."

Choo kikakamilika, maji yakaunganishwa, kisha mratibu wa mradi akalitia geti kufuli. Walikuwa wanamsubiri mgeni rasmi aje kukata utepe. Mgeni akaahirisha. Akaahirisha tena. Mvua zikaanza, na kufuli likabaki palepale.

Mama Cheche alimfuata mratibu, kijana mpole wa shati lililonyooka.

"Mama, vuta subira kidogo. Tukifungua sasa, kitachafuka kabla mgeni hajakiona."

"Choo kichafuke? Kwani mlijenga cha kupigia picha?"

"Ni maagizo kutoka juu, mama yangu."

"Huko juu hawaendi haja?"

Kijana akacheka kidogo, akaingia garini. Alikuwa anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na Mama Cheche alilijua hilo, akarudi kazini.

Asubuhi moja ya mvua, bibi hakutaka kumsumbua binti yake aliyekuwa na kazi ya watu mkononi. Akashika fimbo, akateremka peke yake. Waliomkuta walimkuta chini kabisa ya mteremko, nyonga imevunjika, ametapakaa tope na lisilo tope. Mama Cheche alipofika mbio, bibi hakulia maumivu. Aligeuza uso.

"Nisamehe mwanangu. Nimejichafua."

Mama Cheche alimpeleka hospitali, akamwosha, akakaa naye mpaka dawa ikamlaza. Hasira hasara, wanasema. Wanaosema hivyo wana choo ndani ya nyumba. Aliporudi mtaani alipita moja kwa moja karakana, akachukua grainda yake ya kukatia chuma, akaenda nayo hadi getini, akamtupia kinyozi mwenye kibanda jirani na choo ncha ya waya.

"Chomeka."

"Mama Cheche, ile mali ya serikali!"

"Na mama yangu ni mali ya nani? Chomeka!"

Kinyozi akachomeka. Kufuli Mama Cheche hakuligusa, kufuli wangenunua jingine kabla jua halijazama. Alikata bawaba, moja baada ya nyingine, cheche zikiruka mpaka barabarani, mpaka geti lake mwenyewe likaanguka kwa kishindo. Watu wa soko walisimama tu. Wa kwanza kusogea alikuwa muuza mkaa. Alifika mlangoni, akaviona vigae vyeupe, akavua kandambili zake.

"Vaa viatu!" Mama Cheche alimfokea, machozi yakimtoka. "Ni choo! Pesa ni zetu! Vaa viatu uingie!"

Askari walikuja na mratibu, wakamchukua Mama Cheche kwa kuharibu mali ya umma. Wanawake wa soko wakaenda kuketi mbele ya kituo na vikapu vyao, wakakataa kuondoka. Kesho yake mchana aliachiwa, kwa sharti alirudishe geti.

"Nitalirudisha," alisema, "siku ufunguo utakapokaa sokoni."

Wakavutana. Mwishowe ufunguo ukakabidhiwa kwa wanawake wa soko, naye akachomelea bawaba mpya. Mgeni rasmi, aliyekuwa hana nafasi miezi yote ile, aliipata ndani ya wiki mbili. Alikata utepe wa choo ambacho watu walishakizoea, akawasifu wananchi kwa uvumilivu wao. Makofi yakapigwa.

Mratibu alimwona Mama Cheche amekunja mikono.

"Mama, si kimefunguliwa? Mbona bado umenuna?"

"Mama yangu alikuwa anatembea," alimjibu.

Hakungoja hotuba iishe. Muda wa kumgeuza mgonjwa ulikuwa umefika. Nyumbani alifunga dirisha, maana vipaza sauti vilisikika mpaka chumbani, akapitisha mikono chini ya mgongo wa bibi, na polepole akamlaza ubavu wa pili.