Nilimnywesha Punda Mafuta ya Breki

Wenzangu, nichekeni kwanza, kisha mnihukumu. Mimi ndiye niliyeharibu jeki ya paleti ya watu, halafu nikamsukumia kosa mama wa watu. Sina pa kujificha.

Nafanya kazi kwenye duka la jumla huku Njiru. Unga, sukari, mafuta ya kupikia. Ile jeki ya kuvutia mizigo, yenye meno mawili ya kuingia chini ya paleti, lile jukwaa la mbao la kupangia mizigo, na mpini wa kupampu, tunaiita Punda. Na kwa vile nimekaa hapo miaka kumi na moja, nilikuwa nimejitawaza kuwa injinia wa Punda. Cheti sina. Overoli ndiyo niko nayo.

Jumamosi moja nikamlaza Punda ubavu kando ya ukuta, nipate pa kuegesha pikipiki yangu isinyeshewe. Jumatatu tunampampu, wapi! Mpini unapanda na kushuka, meno yako palepale chini.

Tuna mwenzetu, Mama Brayo. Kwetu alikuja mwaka huu, lakini alishamaliza miaka sita kwenye godauni ya saruji. Akatazama mara moja tu, akaniambia kwa upole, "Injinia, hiyo ni hewa imeingia. Shikilia kile kishikio cha kushusha, upampu mara kumi na tano bila mzigo. Itatoka."

Eti hewa! Mimi nifundishwe na mtu aliyekuja juzi? Nikamjibu kwamba hapa si saruji, hapa ni chakula. Hadi leo sijui nilimaanisha nini.

Nikavuka barabara kwa fundi wa magari, nikamwomba mafuta ya mashine. Akauliza ya mashine gani, nikamwambia we nipe tu. Nikarudi na chupa ya mafuta ya breki. Kichwani mwangu, mafuta ni mafuta. Nikafungua skrubu, nikamimina, nikapampu kwa hasira, mkono umebana kile kishikio bila mimi kujua. Nilipokiachia na kupampu tena, Punda akainuka! Wueh, nilizunguka duka zima kifua mbele. Mama Brayo akanipongeza na kurudi kazini.

Zikapita siku kama tisa hivi. Mama Brayo alikuwa anavuta paleti ya marobota ya unga, Punda akaanza kushuka mwenyewe polepole, paleti ikagusa sakafu na kukwama. Marobota ya juu yakateleza. Moja likamwangukia mguuni.

Tajiri wetu, Bi Zuhura, mama wa kutoka pwani asiyepandisha sauti, akaja akauliza kulikoni. Mimi nilishaona mafuta yanachuruzika chini ya pampu. Haki nilijua hapohapo. Lakini mdomo ukatangulia.

"Amepakia kupita kiasi. Nilimwonya."

Mimi, ambaye sijawahi kumwonya mtu yeyote juu ya chochote! Mama Brayo alinitazama, damu inatoka kwenye kiatu. Bi Zuhura akamwambia aende atibiwe, asirudi mpaka aitwe. Sote twajua maana ya mpaka uitwe. Na yeye ana watoto watatu na hana mwenzake wa kusaidiana naye.

Kesho yake akaja fundi wa majeki. Akafungua pampu, akanusa, akatoa vile vipira vya duara vinavyozuia mafuta kuvuja. Vilikuwa vimefura na kulegea kama chapati iliyosahauliwa kwenye chai. Akasema haya ni mafuta ya breki, yanakula vipira hivi, na Punda anataka mafuta ya haidroliki peke yake. Akauliza shida ilianzaje. Nikaeleza nusunusu: alilazwa, akakataa kuinuka, akaongezwa mafuta, tukampampu, akapona. Fundi akacheka akishika tumbo. Akasema kilichomponya ni kule kupampu, alikuwa na hewa tu.

Mara kumi na tano, bila hata tone moja!

Bi Zuhura hakucheka. Akauliza, "Nani alotia mafuta hayo?"

Nikatazama doa la mafuta kwenye overoli yangu. Nikasema ni mimi. Na aliyemlaza? Ni mimi. Na Mama Brayo ulimwonya lini? Nikasema sikumwonya.

Akanituma mimi mwenyewe nikamrudishe. Nilimkuta kwake, mguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Nikaungama mbele ya watoto wake. Akaniuliza kitu kimoja tu.

"Injinia, uliiona damu?"

Nikasema niliiona. Akasema atarudi mguu ukipona, kwa sababu watoto lazima wale. Nilitembea hadi nyumbani nikilia kama mtoto.

Siku hizi msimamizi wa Punda ni yeye. Kila Jumatatu mimi natoa nyuzi zilizojisokota kwenye magurudumu, natia grisi, kisha nampampu nikihesabu kwa sauti hadi kumi na tano, wenzangu wakinipigia makofi. Shukrani ya punda ni mateke, na yangu nimeyapata.

Wewe unayejiita injinia kwa sababu ya overoli, nisikie. Jeki usiilaze ubavu. Isipoinuka, toa hewa kwanza. Usiinyweshe mafuta usiyoyajua. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mwenzako hajafukuzwa kwa ajili yako.

Mguu wake umepona. Lakini nikipita na Punda, Mama Brayo huondoa miguu yake kwanza, ndipo anaitikia salamu yangu.